Acha na Lâche kwenye Ukuta wa Chokaa

Wadogo zangu wa kariere, siku ile ya kuniaga mulisema, "Papa, andika mbele haujasahau." Mimi nilisoma mpaka ya tatu primaire, na hiyo ya tatu sikuimaliza, juu mwalimu alioa akaenda na bibi yake. Donc mutavumilia maandishi. Mambo ya grade na mushahara sitasema, ile mulishaona wenyewe namuna iko. Nitasema juu ya kamba, na juu ya neno moja lililovunja kiuno cha mutu.

Nilitoka Maniema, treni ikanitupa Lubunga na sanduku moja ya mbao. Nikavuka muto na pirogi, nikalala kwa tonton, mujomba wangu, upande wa Tshopo. Kisha siku tatu tonton akaniambia, "Asumani, hapa watu wanakula wenye kufanya kazi." Alikuwa mutu ya kusema vitu mara moja. Ni yeye alisikia kwamba upande wa muto Lindi kuna kariere ya mawe ya chokaa inatafuta watu. Mawe inatolewa kwenye ukuta, inachomwa kwa tanuru, inakuwa chokaa nyeupe ya kupaka nyumba na ya kutupa kwa choo. Nikaenda.

Shefu wa kariere, mutu mufupi wa Kinshasa, aliniuliza swali moja tu: "Unaogopa juu?" Nikasema hapana. Ulikuwa uongo. Mbele ya siku ile kitu kirefu nilichopanda ni paa ya musikiti wa kwetu, na nilishushwa na watu wawili. Ukuta wa kariere ulikuwa unasimama juu ya muto sawa mutu amekata mukate na kisu. Ukiangalia chini unaona maji, na pirogi za wavuvi ndogo sawa viatu.

Wakanifunga kamba kiunoni na mapajani, wakanishusha siku ile ile. Nikafunga macho. Mikono yangu ikapata majani fulani yaliyoota kwenye jiwe, nikayashika na nguvu yote ya kwetu. Kutoka juu nikasikia mutu anasema, taratibu kabisa, sawa mutu anaomba chumvi:

"Mudogo, hiyo majani haikusaini kazi. Shika jiwe."

Yule alikuwa Papa Bolamba. Ni yeye alishika kamba yangu ya kwanza, na ni yeye alinifundisha yote ninayojua. Alikuwa mutu wa muto, wa kwao Isangi, baba yake muvuvi, babu yake muvuvi, na kwao hakuna mulima hata moja. Kamba alijulia kwenye bato, mutumbwi wa baba yake. Nyumbani alisema Kilokele, kwenye soko Lingala, kwa shefu Kifaransa, na kwa mimi alisema Kiswahili. Hakukuwa mutu alimulazimisha. Alisema, "Wewe ni mugeni, nitakufuata kwa luga yako." Mukumbuke hiyo heshima, juu ndiyo ilimuangusha.

Kazi yenyewe munaijua, lakini nitaandika juu ya wale hawajafika. Baruti ikishapasuka, ukuta unabaki na mawe yenye kulegea. Mutu anashuka na baramini, ile chuma ndefu yenye ncha, anayagonga na kuyaangusha mbele hayajaangukia watu wa chini. Shefu aliita "purger". Nilipolisikia hilo neno nikashika tumbo, juu purge niliyoijua mimi ni dawa ya kusafisha tumbo, ile mama alitufanyia na maji ya pilipili, na haikupita kwa mudomo. Bolamba alicheka mpaka akakaa chini.

"Ni ile ile," akasema. "Leo mugonjwa ni mulima."

Toka hapo sisi tulisema kupanguza mulima. Na namuna ya kupanguza ni masikio. Jiwe zima ukiligonga linasema *kin*. Jiwe la kufa linasema *bu*, sawa mutu unamugonga mugongo akiwa na kikohozi. Lile la *kin* uliache. Lile la *bu* usisimame chini yake, hata kwa kukojoa. Tena, chokaa inakunywa maji. Kisha mvua kubwa jiwe la jana lenye kusema *kin* linaweza kusema *bu*, donc asubuhi unaanza kugonga upya, hata kama unalijua sawa jirani yako. Na kwenye matundu kuna popo. Popo haifanyi kitu, lakini inatoka kwa uso wako bila kuomba njia, na mwenye kushtuka anaacha baramini ianguke. Mimi niliangusha mbili. Moja iko kwenye muto mpaka leo.

Juu ya ukuta kulikuwa kisiki cha muti mukubwa. Kamba inazunguka kisiki mara mbili, mushika-kamba anakaa nyuma. Na mizunguko mbili hata mutu mwembamba sawa mimi anaweza kushika mutu muzito sawa Bolamba na mikono inabaki baridi. Wakati mwenzako anapanda, unabakisha muzunguko moja, kama sivyo kamba inakataa kukuja. Mushika-kamba haoni mwenye kushuka. Ukuta unamuficha. Anasikia tu. Kazi yote ya kushika iko kwenye masikio na viganja, na mutu wa chini uzito wake wote iko kwa mutu asiyemuona. Miaka miwili nilimushika Bolamba na yeye akanishika, tukapokezana, sikuwaza.

Bon. Sasa shefu alirudi safari moja kutoka Kinshasa na mambo ya usalama. Alileta kaske, kofia ngumu za kazi, ambazo zilikuwa ndogo, na akaandika maneno matatu na chaki kwenye ubao: TIRE, STOP, LÂCHE. Tire, unavuta. Stop, unasimamisha. Lâche, kwa mudomo yetu *lacha*, unaregeza kamba. Tuliimba asubuhi mbili muzima sawa watoto wa masomo. Mimi nilifurahi, juu nilikuwa najifunza Kifaransa na ninalipwa. Kila mara nasikia lâche, mikono inafunguka yenyewe. Nilikuwa mwanafunzi muzuri kupita wote. Ndiyo ilikuwa shida.

Juma lile lile Bolamba alikuwa anapanda. Mimi juu, muzunguko moja kwenye kisiki, nakusanya kamba. Upepo unatoka kwenye maji. Yeye akaona kitu ambacho mimi siwezi kuona: kamba imeingia nyuma ya jiwe lenye kulegea juu ya kichwa chake, na kila nikivuta, naliamusha lile jiwe. Akaegemea nyuma na uzito wake wote ili alitazame vizuri, akaita. Akaita kwa luga yangu, sawa desturi yake.

"Acha!"

Alitaka nisimame, niache kuvuta. Upepo ukaniletea neno. Kati ya *acha* na *lâche* kuna nini? Kaherufi kamoja, na muto ulikakula. Mikono yangu ikafunguka.

Kamba ilipita kwenye kisiki sawa nyoka anayekimbia. Niliishika tena, na viganja vyangu vyote viwili vikapoteza ngozi, mulishaona alama, mulifikiri ni tanuru. Lakini alikuwa ameshaanguka kimo cha nyumba moja na nusu, kwenye kale kabaraza ka jiwe pale katikati. Halafu sauti yake ikapanda, bila haraka:

"Asumani. Ulifanya nini?"

Kiuno kilivunjika. Tulimupeleka mujini na pirogi yenye motere, amelala juu ya mulango wa ofisi ya shefu, ile ilikuwa mbao pekee yenye urefu wake. Njia yote hakuniangalia. Aliangalia mbingu na akauliza mara mbili kama kamba imekatika. Nikamwambia haikukatika. Akasema, "Muzuri." Sikujua muzuri ya nini.

Shefu alituita. Nikasema nilisikia lâche. Bolamba, kutoka hospitali, alituma kusema kwamba alisema acha. Shefu akaandika karatasi: "malentendu", ni kusema watu walisikiana vibaya. Karatasi ikaisha siku hiyo, kiuno hapana. Kama angeita kwa Lingala yake, *telema*, simama, ningesimama. Kama angeita stop, ningesimama. Aliita Kiswahili juu ya kuniheshimu. Nimewaza sana hiyo jambo, na sijapata pa kuiweka.

Hakuna aliyenifukuza. Walifanya kitu kingine: hakuna mutu alijifunga tena kwa kamba nikiwa nyuma ya kisiki. Shefu akinipanga, mwenye kushuka anashika tumbo, anashika kichwa, anakumbuka kilio cha familia. Mwisho wakaniweka tanuru, kuvunja mawe na nyundo na kumeza vumbi. Na jina likaja. Ni Lotika alianzisha, kijana mupanguzaji mwenye mudomo sawa radio.

"Lâche! Leta maji, Lâche!"

Mimi nilifikiri wananiita juu ya kamba, nikaitika. Nikaitika miezi! Ni binti ya tonton, yule alikuwa secondaire, siku moja aliniuliza, "Kaka, mbona unakubali wakuite muoga?" Ndiyo kusikia kwamba kwa Kifaransa lile neno iko na tumbo mbili: kuregeza, na mutu muoga. Shefu hakuandika hiyo ya pili kwenye ubao.

Nilitaka kitu kimoja tu, na nitakisema wazi juu sasa nimezeeka na haya imepungua. Nilitaka mutu aweke tena uzito wake kwa mikono yangu. Mutu moja, hata Lotika. Nilivunja mawe ya tanuru mchana kutwa na viganja vilinikumbusha.

Nilienda hospitali mara nne. Mara tatu Bolamba alikuwa analala, ao alijifanya. Mara ya ine nilileta ndizi, akala mbili, akaifuta mikono.

"Nani anashika sasa?" akauliza.

"Lotika na wengine."

"Na wewe?"

"Mimi iko tanuru, yaya," nikasema, ndiyo namuna tunaita kaka mukubwa.

Akageukia dirisha. "Tanuru ni muzuri," akasema. "Haiangushi mutu." Nikarudi nyumbani na miguu, njia yote.

Wakati ile kule kariere walikuwa wanapigana juu ya maneno. Hakuna aliyetaka tena ubao wa shefu. Mutu akasema tuite *juu* na *chini*. Mwingine akasema hapana, *juu* kwetu ni pia "kwa sababu", mutu ataanza kueleza kitu na atavutwa. Wakajaribu Lingala, *tika*. Lakini *tika* ni acha tu yenye imevaa nguo ingine: uache kuvuta, ao uache kamba? Walipiga kelele mbele ya jiko la Mama Feza, mama aliyetupikia, mpaka akatoka na mwiko mukononi.

"Munanitoboa kichwa! Muite chakula! Nyinyi munasikia vibaya kila kitu, lakini chakula sijaona mutu moja anakosea."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Lotika akasema, "Bon, pondu iwe kusimama." Watu wa Maniema wakasema ile inaitwa sombe. Ilibaki kidogo wapigane ngumi, watu wazima, juu ya majani ya muhogo. Mama Feza akaamua ile majani isiingie kabisa kwenye kazi. Akapanga yeye mwenyewe. *Lituma*, ndizi ya kutwanga, ni kusimama, juu ukiila unakaa pale ulipo. *Makayabu*, samaki ya chumvi, ni kushusha, juu haishuki bila maji nyuma. *Mbinzo* ni kuvuta, juu viwavi vinapanda miti. Mimi nilikuwa pembeni na nyundo yangu. Hakuna aliyeniuliza, lakini nikayashika yote matatu, na kwenye tanuru nilijifundisha peke yangu: lituma, napiga breki ya mikono, makayabu, nafungua kidogo. Mara moja shefu alifika na wageni, akasikia ukuta muzima unaita makayabu, akaniuliza kama ni saa ya kula.

Mvua kubwa za mwaka ule ziliacha jino. Jiwe kubwa sawa friji, limetoka kwenye ukuta, linaning'inia juu ya njia ya mama wanaobeba mawe kwenda tanuru. Baruti haikuwezekana, tanuru ilikuwa karibu. Lotika alishuka, akaligonga, akapanda haraka. "Linasema *bu* mpaka ndani," akasema. "Mimi mama yangu iko na mimi peke yangu." Wengine nao wakakumbuka mama zao. Shefu akafunga njia, na mama wakaanza kuzunguka kwa mbali, na mizigo kichwani.

Siku ya tatu Bolamba akafika na pirogi. Alikuja kuchukua vitu vyake, kaske yake na sufuria. Alitembea na fimbo, muguu moja unafuata mwingine sawa hautaki safari. Akasimama chini, akaangalia jino, akasonya.

"Leteni kamba."

"Papa, hauwezi hata kutembea," shefu akasema.

"Kwa kamba hakuna kutembea."

"Na nani atakushika?"

Akaangalia watu moja moja, na haraka hakuwa nayo. Lotika akaanza kufungua mikono, kujitayarisha.

"Asumani," Bolamba akasema.

"Lâche?" Lotika akasema. "Papa, ulisahau?"

"Wewe, nimekaa miezi saba kwa kitanda nikiangalia plafon juu yangu. Nitasahau nini?"

Nikaacha nyundo. Kupanda mpaka kwenye kisiki sikumbuki. Nakumbuka kwamba nilizungusha kamba mara mbili, halafu nikatazama, nikahesabu tena: mbili. Bolamba alimuuliza Lotika yale maneno mapya matatu ya kamba, akajifunga mwenyewe, hakuniangalia, akakaa kwenye ukingo na kiuno chake kibaya, akajitupa nyuma. Uzito wake ukaingia kwenye viganja vyangu. Nilikuwa nimesahau ni muzito namna gani.

"Makayabu," akaita. Nikashusha. "Makayabu." Nikashusha. "Lituma." Nikasimamisha. Nikasikia baramini: *bu*, *bu*. Halafu, na sauti kubwa, sauti ya mutu mwenye kuogopa:

"Acha!"

Kamba haikusonga. Mimi pia.

"Acha! Asumani, acha!"

Jasho ikaingia machoni. Lotika alikuwa nyuma yangu, akaanza kusema, "Lakini anasema..." Nikamwambia afunge mudomo. Kama yuko na shida ya kweli na mimi sifanyi kitu, basi nimemuua mara ya pili. Lakini *acha* haikuwa neno la kazi tena. Nilishika. Kutoka chini hakuna kitu, ila muto.

Mwishowe, na sauti yake ya siku zote, ya kuomba chumvi: "Mbinzo."

Tulimupandisha mimi na Lotika. Alifika juu, akakaa, akapumua, akafungua kamba kiunoni. Nikangoja aseme kitu juu ya ule mutihani wake. Akasema juu ya jiwe.

"Liko na muzizi upande wa kushoto, umeingia kwenye ufa. Inaomba mutu mwenye miguu miwili ya kusukuma. Mimi iko na moja." Akanitupia mwisho wa kamba. "Jifunge. Mimi nitashika."

Wadogo zangu, nitawaambia ukweli. Ile dakika ndiyo niliogopa kabisa kwenye kazi yangu yote. Kushika mutu uliyemuangusha, ni muzuri. Lakini kuning'inia kwa mikono yake, yeye mwenye hauoni, na kiuno chake kinamuuma, na muto chini... Watu wote wakanipisha njia ya ukingoni. Lotika mwenyewe akaangalia viatu vyake. Ningesema tumbo inaniuma, wangeelewa. Nikajifunga.

"Makayabu," nikaita. Nikashuka. Jiwe, majani, jiwe. "Makayabu." Nikapita kile kibaraza alikoangukia, sikukitazama. Nikafika kwenye jino, nikaita, "Lituma." Kamba ikasimama, ngumu sawa chuma. Nikaweka miguu kwenye ukuta, nikainua baramini.

Na kamba ikaachia.

Nilianguka urefu wa mukono moja. Moja tu, kutoka bega mpaka kidole, lakini roho yangu ilifika Isangi na kurudi. Halafu ikakamata, na nikaning'inia pale, baramini mukononi, nikipumua sawa samaki. Nilipata sauti mwishowe, nikapiga kelele: "Lituma! Lituma, yaya!"

"Nilisikia mara ya kwanza," akajibu kutoka juu. "Hiyo ilikuwa deni ya kiuno. Imeisha. Sasa piga jiwe, mama wanataka kupita."